Paka Ameacha Mchanga Wake: Mchunguze Kabla ya Kumfukuza



Wapenzi wasomaji wa ukurasa huu wa afya, mwezi huu tutazungumza juu ya paka. Wapo watakaocheka na kusema muuguzi ameishiwa, kazi yake ni watu, paka wanamhusu nini? Lakini swali hili huulizwa na akina mama kliniki mara nyingi kuliko mnavyodhani. Mama anampima mtoto uzito, akimaliza anainama na kuuliza kwa sauti ya chini: "Sista, yule paka wetu alikuwa na adabu zake, alikuwa anajisaidia kwenye mchanga na kufukia. Sasa anakojoa kitandani. Ameingiwa na nini?"

Huku kwetu Shinyanga na Geita paka hafugwi kwa ajili ya pambo. Mavuno yakishaingia kihengeni, mpunga, mahindi, mtama, karanga, pamoja na michembe na matobolwa tuliyokausha, panya nao huhamia. Panya hula kidogo na kuharibu kingi, na mkojo wake hubeba vijidudu vya homa inayoweza kudhuru ini na figo za mtu. Familia isiyo na paka hununua sumu ya panya mnadani, ile inayouzwa katika vipakiti visivyo na maandishi. Mtoto wa miaka miwili hajui tofauti kati ya kipakiti hicho na peremende. Kwa hiyo anayemfukuza paka kwa hasira ya godoro moja, mara nyingi anaikaribisha sumu ndani ya nyumba.

Nao hufukuzwa kweli. Wengine hufungwa ndani ya gunia na kwenda kutupwa ng'ambo ya mto. Wengine humwagiwa maji ya moto, au huburutwa na kusuguliwa pua katika mkojo wao eti wajifunze. Paka hajifunzi hivyo. Anachojifunza ni kumwogopa mtu yule, na paka mwenye hofu hukojoa ovyo zaidi. Tena kuna jambo baya kuliko hayo, yaani kumnyooshea kidole jirani. Nitalifikia mbele.

Ni vizuri kwanza tumfahamu mnyama mwenyewe. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, mnyama wa nchi kavu ambaye mpaka leo yupo katika mapori yetu. Asili yake ni kuchimba udongo laini na mkavu, kujisaidia, kunusa, kisha kufukia. Hakufundishwa na mtu. Hata kitoto cha wiki nne kikiwekwa penye mchanga huanza kuparura chenyewe. Basi paka aliyekuwa na mahali pake na sasa amepaacha, ama mwili wake una shida, ama mahali penyewe pameharibika, ama kuna kitu kinachomtisha au kumchokoza. Kazi ya mwenye nyumba ni kujua ni lipi kati ya hayo.

JE, NI MGONJWA?

Hapa ndipo pa kuanzia, kwa sababu ndipo penye haraka. Mwangalie anapojisaidia. Paka mwenye uvimbe wa kibofu huchuchumaa mara nyingi, hutoa matone machache, pengine yenye damu, hulia, kisha hujilamba sana sehemu za siri. Kwa kuwa ameumia alipokuwa juu ya mchanga, akilini mwake mchanga ule ndio uliomuumiza. Anatafuta mahali pengine palipo laini na baridi, na mahali hapo huwa ni godoro, nguo za mtoto au sakafu.

Wa kuogopewa zaidi ni dume. Njia yake ya mkojo ni nyembamba sana, nayo huweza kuzibwa na chembechembe mfano wa mchanga pamoja na ute. Ukiona dume anachuchumaa, anajikamua na hakitoki kitu, tumbo limekuwa gumu, hataki kula, anatapika, usiseme "tungoje tuone kesho". Sumu ya mkojo hurudi katika damu, naye aweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Mpeleke kwa bwana mifugo siku hiyo hiyo. Anaweza kuwekewa mpira wa mkojo kama tunavyomwekea mzee wa tezi dume wodini.

Nawaomba sana, msimpe paka Panadol. Kidonge ambacho kwa mtoto hushusha homa, kwa paka ni sumu, maana ini lake haliwezi kukishughulikia. Hata kidonge kimoja huweza kumwua. Aspirini nayo ni hatari kwake, tena dawa zetu za watu zilizobaki kabatini si za kumjaribia mnyama.

Chakula nacho kina sehemu yake. Paka wengi wa hapa hupewa dagaa wakavu na ukoko wa ugali, na maji hawawekewi kwa kuwa watu huamini paka hanywi maji. Ni kweli kwamba kiu yake ni ndogo, ila mwili wake unayahitaji. Akila vikavu tu, mkojo huwa mzito. Loweka dagaa hao, mwachie na ule mchuzi, na bakuli la maji safi liwe mbali kidogo na mchanga wake.

Paka mzee anayekunywa maji mno na kukojoa mno huenda figo zimechoka, au ana kisukari, maana kisukari huwapata hata wao. Mzee mwingine ana maumivu ya viungo tu. Karai lenye ukingo mrefu linamshinda kuruka. Likatwe ukingo upande mmoja, utaona. Anayeharisha au mwenye minyoo hawahi kufika, na huyo hana kosa lolote.

UDONGO UMEGEUKA

Paka akionekana mzima, anakula, anakojoa vizuri isipokuwa mahali pasipofaa, geukia mahali pake. Hapa nchi yetu ina mambo yake ambayo vitabu vya Ulaya haviyataji.

Fikiria udongo wa mbuga. Wakati wa kiangazi, toka Julai mpaka Oktoba, unapasuka na kuwa mgumu kama tofali. Jembe lenyewe linaukataa, sembuse kucha za paka. Masika ikija, udongo ule ule unakuwa tope la kunata. Paka aliyekuwa akienda nyuma ya nyumba hapati tena pa kuchimba, basi anatafuta kitu kikavu, laini, kinachochimbika, na kitu hicho kipo ndani: gunia la pumba, kihenge cha mpunga, jivu la jikoni, au rundo la mchanga wa kujengea ambako watoto wanacheza. Kwake hayo yote ni udongo mzuri. Baba aliyepiga sakafu ya saruji uani kote naye amewafunika paka choo chao bila kujua.

Kwenye miji ya machimbo, kama Katoro, Nyarugusu na Rwamgasa, mambo ni mengine. Watu wanaishi katika vyumba vya kupanga vilivyojipanga mstari, mlango unafungwa saa moja usiku, nje kuna mbwa. Paka analala ndani, kwa hiyo anawekewa karai bovu au beseni lenye mchanga. Ni utaratibu mzuri, lakini karai hilo linahitaji kutunzwa. Paka ana pua kali kuliko yetu mara nyingi. Mchanga usiotolewa kinyesi kwa siku tatu kwake ni sawa na choo cha stendi siku ya mnada, hata wewe ungetafuta kichaka. Kinyesi kitolewe kila siku, na mchanga wote ubadilishwe kila wiki. Kina cha vidole vinne kinatosha. Mchanga wa mtoni uliokauka unafaa, na pumba za mpunga zinafaa pia.

Jivu hutumiwa na wengi, nalo hunyonya harufu, ila lina mitego miwili. Wa kwanza ni kaa la moto lililojificha. Paka akiungua unyayo mara moja tu, karai hilo hatalikanyaga tena, hata ukilijaza mchanga mpya. Wa pili ni kwamba jivu likilowa hutoa maji makali yanayochoma ngozi, kama wanavyojua waliowahi kutengeneza magadi ya majivu. Kama huna budi kutumia jivu, lilale usiku kucha lipoe, lichekechwe, na lichanganywe na mchanga.

Na msioshe karai kwa Jik au Dettol mkidhani mnafanya usafi wa hospitali. Harufu kali humfukuza, na dawa za namna ya Dettol humdhuru anapolamba miguu yake. Sabuni ya kawaida, maji ya moto na jua vinatosha kabisa.

Halafu mahali penyewe. Paka hataki kujisaidia karibu na chakula chake, wala penye mapito na makelele, wala kwenye kona ambayo akivamiwa hana pa kutokea. Familia moja ya wachimbaji wadogo upande wa Geita ilikuwa na paka aliyetumia karai lake vizuri kwa miaka miwili. Ghafla akahamia kitandani. Wakapiga, wakafungia, haikusaidia. Nilipouliza nini kimebadilika pale nyumbani, mama alisema hakuna. Mtoto wake wa darasa la nne ndiye aliyekumbuka: jirani alikuwa amefunga karasha la kusagia mawe nyuma ya ukuta ule ule ambapo karai liliegemea. Lilipounguruma, ukuta ulitetemeka na mchanga ukacheza. Walihamisha karai kwenye kona ya upande wa pili, wakaweka mchanga mpya, na wiki haikuisha paka akarudi kwenye adabu yake. Ndiyo maana nasema waulizeni watoto, wanaona mengi.

Kama paka ni wawili, karai moja huleta ugomvi. Mmoja hulinda njia na mwingine hubanwa. Kanuni ya wafugaji ni karai kwa kila paka na moja la ziada. Najua chumba cha kupanga hakina nafasi hiyo, lakini angalau yawe mawili, tena mbalimbali. Hofu nyingine huletwa na mtoto mchanga aliyezaliwa, mgeni, mbwa mpya, au kuhama nyumba. Paka anayehamishwa afungiwe katika chumba kimoja pamoja na karai lake siku kadhaa, na liwekwe mchanga kidogo wa zamani wenye harufu yake. Isitoshe, hofu pekee yaweza kuvimbisha kibofu cha paka hata pasipo vijidudu, kwa hiyo tabia na ugonjwa havitengani sana kama tunavyofikiri.

MKOJO WA MLANGONI NA MANENO YA WATU

Kuna mkojo ambao hauhusiani na choo. Ukimwona paka amesimama wima, mkia juu unatetemeka, akarusha mkojo nyuma yake ukutani au kwenye kizingiti, huyo anaandika barua kwa paka wengine: hapa ni kwangu, au, natafuta mke. Ni dume mzima kwa kawaida, ingawa hata jike mwenye joto hufanya hivyo. Harufu yake ni kali mno. Usiku hulia kama mtoto mchanga, na madume hupigana juu ya bati. Akihasiwa na mtaalamu wa mifugo, mara nyingi tabia hii huisha au hupungua sana.

Sasa nalifikia lile nililoahidi. Kanda yetu imelia kwa miaka mingi kwa sababu ya mauaji ya vikongwe, hasa akina mama, waliokatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na wengi wao kosa lao lilikuwa macho mekundu. Macho hayo sisi wauguzi tunayajua. Ni moshi wa samadi ya ng'ombe na kuni mbichi katika jiko lisilo na dirisha, miaka hamsini mfululizo, na kwa wengine ni vikope. Katika hali kama hiyo, paka wa bibi anayekuja usiku kulia mlangoni kwako na kukojolea kizingiti si jambo dogo tena. Asubuhi mtu hunong'ona, mchana ataenda kwa mpiga ramli chonganishi, na huko hakosi kutajiwa jina.

Mlangoni kwako kuna jike mwenye joto, au kuna paka wako ambaye yule dume anashindana naye. Ndiyo sababu amekuja, na ndiyo sababu anakojoa palepale kila usiku, kwa kuwa harufu ya jana inamwita kuiongeza. Ukiosha kizingiti vizuri na kumfungia jike wako ndani, ataacha kuja. Amri ya Tano haina kifungu kinachomtoa kikongwe mwenye paka. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wakisikia mnong'ono wa namna hii wasiungoje ukue. Waende wawili watatu kwa mwenye malalamiko, wamweleze tabia ya dume, na wamtembelee yule bibi mchana watu wakiona.

Nikiwa bado na wasomaji wa machimboni, niseme neno juu ya zebaki. Huko Japani, katika mji wa Minamata, kiwanda cha kemikali kilimwaga taka zenye zebaki baharini. Kabla madaktari hawajatambua ugonjwa ule kwa binadamu mwaka 1956, paka waliokula samaki wa ghuba ile walikuwa wakiyumba, wakipatwa na degedege na kuangukia majini. Watu waliita ugonjwa wa paka wanaocheza ngoma. Sisemi kwamba paka anayekojoa kitandani ana zebaki, la hasha. Lakini paka anayeyumba, anayetetemeka, anayetoa mate au damu, huenda amekula sumu fulani: labda panya aliyekula sumu, labda dawa ya pamba iliyowekwa kwenye chupa ya soda. Itafutwe na iondolewe kabla mtoto hajaifikia. Na donge la dhahabu na zebaki lisichomwe kamwe ndani ya nyumba wala jikoni. Mvuke wake hauonekani, na huingia mapafuni mwa mama na kichanga kabla ya mtu mwingine yeyote.

AFYA YA WATU NYUMBANI

Katika kinyesi cha paka huweza kuwamo kijidudu kiitwacho toksoplasma. Paka huambukizwa kwa kula panya au nyama mbichi, na mara nyingi hukitoa kwa wiki moja hadi tatu tu, tena zaidi akiwa mdogo. Kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo. Huchukua siku moja hadi tano kukomaa, na baadaye kijidudu hukaa udongoni hata mwaka. Hapo mnaona faida nyingine ya kutoa kinyesi kila siku. Paka aliyehamia kihengeni au kwenye mchanga wa watoto ametuondolea faida hiyo, kwa kuwa hatuoni anapofukia.

Watu wazima wengi wakiambukizwa hawajisikii kitu. Hatari ipo kwa mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito: mimba huweza kutoka, au mtoto akazaliwa na maji kichwani au macho mabovu. Kwa hiyo mama mjamzito asiguse karai la paka, kazi hiyo aifanye baba. Naam, baba. Kama hakuna mtu mwingine, mama avae mifuko ya plastiki mikononi na anawe kwa sabuni. Hana haja ya kumfukuza paka, kwa maana wengi huupata ugonjwa huu kwa nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa. Ile nyama choma ya mnadani yenye damu katikati, mjamzito aiache.

Kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kijidudu hiki kinaweza kushambulia ubongo kinga ikishuka sana. Wanaomeza dawa zao za kufubaza virusi bila kukosa, pamoja na Septrin kwa wale walioandikiwa, wamejikinga vizuri. Akianza kuumwa kichwa kisichokoma, kuchanganyikiwa au kupooza upande mmoja, aje hospitali bila kuchelewa.

Nafaka iliyochafuliwa itolewe pamoja na ile inayoizunguka, na kihenge kifunikwe vizuri. Rundo la mchanga wa kujengea lifunikwe kwa turubai. Akikuuma paka, hasa aliyebadilika ghafla na kuwa mkali asiyemtambua hata mwenyeji wake, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka nao huupata. Hata kama hana kichaa, meno yake ni kama sindano, huingiza vijidudu ndani na mkono huvimba mpaka kesho yake.

Mwisho ni lile godoro. Kausha mkojo kwa kitambaa, osha kwa maji na sabuni ya unga, suuza, kisha pakaza siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na ulianike juani siku nzima, pande zote mbili. Usimwage Jik juu ya mkojo, maana viwili hivyo vikikutana hutoa hewa kali inayodhuru mapafu, hasa chumbani kusiko na dirisha. Kwa wiki mbili chumba hicho kifungwe mchana, na karai lenye mchanga mpya liwekwe karibu na mlango wake, kisha lisogezwe kidogo kidogo, hatua moja kwa siku, mpaka lifike pale mnapotaka likae.